Saa ya Kinshasa, picha za Lubumbashi

Chukua harusi moja ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, yenye wapiga picha wawili. Kamera ya kwanza inafuata saa ya Lubumbashi. Ya pili iliwekwa saa ya Kinshasa siku ilipowashwa mara ya kwanza, nayo iko nyuma yetu kwa saa nzima. Picha zote zikimwagwa kwenye folda moja na kupangwa kwa wakati, bibi harusi anakata keki kabla hajafika ukumbini. Mwanafunzi asiyejua chanzo atakaa siku nzima akizihamisha moja moja kwa mkono. Anayejua ataimaliza kazi kwa dakika mbili.

Masomo ya picha yaanzie hapo, ingawa karibu kila anayekuja kujifunza anataka kuanza na rangi. Ameona kwenye simu ya jirani uso umeng'aa na anga limekuwa la bluu kali, naye anataka hiyo. Mpe, ila katika somo la nne. Matatu ya kwanza ni ya saa, ya folda na ya kutupa.

Saa

Kila picha ya kidijitali hubeba ndani yake maelezo yanayoitwa EXIF: tarehe na saa ya kupigwa, aina ya kamera, lenzi, kasi, ISO. Programu za kupanga picha husoma humo kwanza, jina la faili baadaye. Simu haina shida sana kwa sababu inachukua saa kwenye mtandao. Kamera haijui iko wapi, inaamini ulichoiambia. Tena kamera ya mtumba ambayo kibetri chake cha ndani kimekufa husahau tarehe kila betri kubwa inapotolewa, ikarudi kwenye siku ya kiwandani. Ukikuta folda nzima ya mwaka 2008 au 2012 kwa mtu aliyenunua kamera juzi, sababu ni hiyo.

Dawa ni nyepesi. Kabla ya kazi, kila kamera ipige picha ya kioo cha simu moja inayoonyesha saa na sekunde. Ukirudi nyumbani, linganisha saa inayoonekana kwenye kioo na saa iliyoandikwa kwenye EXIF. Tofauti yake ndiyo kipimo cha marekebisho. Lightroom Classic ina amri ya kusogeza saa za picha nyingi kwa mpigo mmoja, na digiKam, ambayo ni ya bure, inayo pia. Asiyeogopa kuandika amri atumie ExifTool, akiwa ndani ya folda yenye picha za kamera iliyochelewa peke yake:

exiftool "-AllDates+=1" .

Hapo picha zote zinasogezwa mbele saa moja. ExifTool huacha nakala ya kila faili ya zamani, jina lake likiishia na _original. Wanafunzi wakiona folda imejaa maradufu hushtuka na kuanza kufuta. Waambie waache mpaka wahakikishe saa mpya ni sahihi, ndipo wafute hizo za nyuma.

Picha za WhatsApp ni jambo lingine. Zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa EXIF yote. Jina kama IMG-20250712-WA0031.jpg linakuambia siku picha ilipopita WhatsApp; inaweza kuwa ilipigwa mwaka juzi. Kwa hiyo mama mkubwa akitaka kukuchangia picha za msiba au za komunyo, mwombe azitume kama dokumenti. Hapo zinafika zilivyo, na uzito wake wote.

Copier, si Couper

Mashini nyingi hapa zina menyu za Kifaransa, kwa hiyo tuseme kama zinavyosema: kutoka kwenye kadi ni Copier (nakili), kamwe si Couper (kata). Delestaji, yaani umeme kukatwa, ikikukuta katikati ya Couper, faili iliyokuwa njiani inaweza kubaki nusu, na kazi yako imegawanyika, sehemu iko kwenye kadi, sehemu iko kwenye diski. Ukinakili, kadi inabaki nzima, unaanza upya tu. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, kiondulere (UPS) kidogo kinachokupa dakika kumi za kuzima kwa utaratibu kina faida kuliko kadi ya michoro ya bei.

Ukimaliza kunakili, hesabu. Bofya folda kwa kulia pande zote mbili, soma idadi ya faili na ukubwa. Kama kadi ina faili 1,248 na diski ina 1,247, tafuta iliyobaki kabla ya kuendelea. Kisha nakili mara ya pili kwenye diski ya nje. Hapo ndipo kadi inafomatiwa, na inafomatiwa ndani ya kamera, si kwenye kompyuta, maana kamera hutengeneza folda yake ya DCIM kwa mpangilio inaoutaka.

Kuna mtego wa namba ambao hula picha za watu kila mwaka. Kamera huhesabu hadi 9999 kisha hurudi 0001. Mtu mwenye folda moja tu iitwayo "Picha" ataleta IMG_0001 mpya juu ya IMG_0001 ya zamani. Windows itamwuliza kama abadilishe, naye atajibu ndiyo kwa sababu amezoea kujibu ndiyo. Ya zamani imekwenda. Kila kazi iwe na folda yake:

2025-07-12_ndoa_kamalondo

Mwaka mbele, mwezi, halafu siku. Ukiandika kwa mazoea ya shule, 12-07-2025, kompyuta itaweka tarehe 12 za miezi yote pamoja, kisha tarehe 13 zote, na hakuna mpangilio tena. Usitumie mkwaju wala nukta mbili, Windows inazikataa katika majina. Folda hizo zikae ndani ya folda za mwaka, basi. Wanaotengeneza ngazi saba za folda, mteja ndani ya mtaa ndani ya mwezi, husahau wenyewe waliweka wapi. Kazi ya kutafuta kwa mtu au kwa mahali waiachie lebo za ndani ya programu.

Neno kuhusu flashi zinazopita kwenye saiberi. Zikirudi na folda zote zimegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka, picha kwa kawaida hazijafutwa, virusi vimezificha tu. Usibofye hizo njia za mkato. Safisha flashi kwa antivirusi, kisha fungua dirisha la amri na uandike, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitaonekana tena. Na kama mtu amefuta picha au amefomati kadi kwa makosa, aitoe kwenye kamera papo hapo. Kinachoua picha zilizofutwa ni picha mpya zinazoandikwa juu yake. PhotoRec, ya bure, hurudisha nyingi, ila huzirudisha bila majina yake, na lazima uzihifadhi kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ileile.

Katalogi si kabati

Hiki ndicho kifungu kigumu kuliko vyote kwa anayeanza, kigumu kuliko rangi. Anadhani akiingiza picha Lightroom, picha zimeingia ndani ya Lightroom kama nguo kabatini. Kwa hiyo anafuta folda "ili kupunguza uzito", kisha analia.

Katalogi ni daftari. Limeandikwa: picha fulani iko kwenye diski fulani, folda fulani, imepewa nyota tatu, imeongezwa mwanga kidogo. Picha yenyewe haijatoka ilipo. Ukihamisha folda kwa mkono nje ya programu, daftari linabaki na anwani ya zamani. Lightroom Classic huweka alama ya kuuliza kwenye folda. Darktable, programu ya bure ya kazi hiyohiyo, huchora fuvu la kichwa mahali pa picha, na mwanafunzi anadhani kompyuta imerogwa. Hakuna kilichopotea. Ionyeshe programu mahali folda ilipohamia. Kuanzia siku hiyo, kuhamisha na kubadili majina kufanywe ndani ya programu.

Darktable pia huandika kijifaili pembeni ya kila picha, kwa mfano DSC_0412.NEF.xmp. Ndimo yaliyomo marekebisho yote. Ni vidogo, havifunguki kama picha, kwa hiyo watu huvifuta wakidhani ni takataka. Fundisha mapema: .xmp haiguswi, na picha ikinakiliwa mahali pengine, kijifaili chake kiende nayo.

Programu gani basi? Kwa mashini ya RAM ya GB 4, digiKam kwa kupanga na GIMP kwa kusafisha zinatosha. Darktable huanza kupumua vizuri kwenye GB 8, na ndiyo tunayoipendekeza kwa anayepiga RAW (faili ghafi ya kamera) na hataki kulipa kila mwezi. Lightroom ni nzuri, ila ni ya kulipia. Zile "zilizovunjwa" zinazouzwa kwenye flashi huja na wageni wasioalikwa. Mwalimu ashushe programu za bure mara moja kutoka tovuti zake rasmi, azigawe kwa flashi safi, ili wanafunzi wanane wasichome megabaiti zao kwa kitu kilekile. Picasa bado iko kwenye mashini nyingi za zamani. Google iliacha kuishughulikia mwaka 2016. Anayeitumia aitumie kutazama tu.

Kutupa

Harusi hutoa picha 1,500 kirahisi. Anayetaka 300 atupe kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza ni wa ovyo tu: zilizotikisika, macho yamefumba, mguu wa mpita njia. Usitoe nyota hapo, weka alama ya kukataa: X kwenye Lightroom, R kwenye darktable. Sekunde mbili kwa picha. Mzunguko wa pili unachagua picha moja katika kila kundi la zinazofanana, na uikuze mpaka asilimia 100 utazame macho, maana picha ndogo zote huonekana kali. Usifute chochote mpaka mizunguko yote imekwisha.

Kwenye klavye ya AZERTY namba za juu hutoka kwa kubonyeza Shift, kwa hiyo 1 hadi 5 za nyota zinaweza kugoma. Tumia namba za upande wa kulia, au bofya nyota kwa panya.

Sasa rangi

Kabla ya kugusa kitelezi chochote, tazama kioo. Mashini ikiwa kwenye betri hupunguza mwanga wa kioo ili kuokoa chaji. Mwanafunzi anaona picha nyeusi, anaiongezea mwanga, umeme unarudi, kioo kinawaka, na picha imepauka. Kinyume chake pia hutokea: kioo kikiwa kwenye mwanga wa mwisho, picha zinachapwa nyeusi. Weka mwanga katikati au zaidi kidogo, uzime upunguzaji wa kioo kwenye betri, uzime ile rangi ya njano ya usiku. Halafu jifunze kuamini histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, haibadiliki na umeme.

Nyoosha kwanza. Chimini ndefu ya Gécamines, kampuni ya madini, ni kipimo kizuri, ila ikiwa katikati ya picha. Ikiwa pembeni na kamera ilielekezwa juu, itaegemea ndani kwa sababu ya kuinuliwa huko; ukizungusha picha nzima ili isimame, mji wote utalala upande wa pili.

Kisha mizani ya nyeupe. Taa za zamani za nyumbani ziko karibu na Kelvini 2,700 hadi 3,000, jua la mchana karibu 5,500, kivuli hupita 7,000. Kinachowachanganya watu ni kwamba ukipandisha namba, picha inakuwa ya njano zaidi. Unaiambia programu kuwa mwanga ulikuwa wa bluu sana, nayo inafidia. Pipeti, ile unayogusia kitu cheupe ili programu ijipange yenyewe, ni ya haraka, lakini uliza kwanza inagusa nini. Gauni la harusi mara nyingi si jeupe, ni la krimu. Na kama limeungua kwa mwanga, halina rangi ya kusoma. Kiti cheupe cha plastiki katika mwezi wa saba kina vumbi jekundu la Katanga, ukikigusa picha yote inageuka bluu. Karatasi nyeupe au ukuta wa sementi ni salama zaidi.

Wageni waliokaa chini ya bashi (turubai) la bluu ndio mtihani. Nyuso zina rangi ya bashi, wanaopita nyuma wako juani, na hakuna Kelvini moja inayowafaa wote. Mwanafunzi arekebishe kwa ajili ya nyuso, aache nyuma iwe ya njano. Baadaye atajifunza kutenga sehemu kwa maski.

Udongo wetu nao huakisi. Mtu aliyesimama barabarani Katuba saa za mchana hupata wekundu chini ya kidevu na kwenye pindo la nguo. Kishawishi ni kupunguza rangi ya chungwa kwenye picha yote. Usifanye hivyo: ngozi yetu iko humohumo kwenye rangi ya chungwa, na ukiipunguza mtu anakuwa wa majivu, kama mgonjwa. Punguza kwa brashi, mahali pale tu.

Mwanga wenyewe: gauni kubwa jeupe huidanganya kamera, ikapunguza mwanga, nyuso zikazama. Pandisha mwanga wa jumla kwa 0.7 hadi 1 ukitazama uso, usitazame gauni. Uso ukikaa sawa, shusha maeneo meupe kwa 30 hadi 60 mpaka kamba za leisi zirudi. Kwenye RAW zitarudi mara nyingi. Kwenye JPEG, palipoungua pameungua. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384, na nafasi ya kuokoa imo humo. Vivuli usivivute mpaka mwisho, suti nyeusi za wazee zitajaa chenga za rangi.

Kitelezi cha kuondoa ukungu kinapendwa sana wakati wa kiangazi, moshi na vumbi vikiwa vimefunika mji. Kati ya 15 na 25 kinasaidia. Zaidi ya hapo miti inazungukwa na pete nyeusi na nyuso zinaonekana hazijanawa. Madoa ya duara yanayorudi mahali palepale kwenye anga, hasa kwa f/16, ni vumbi kwenye kihisi cha kamera. Yafute kwa brashi ya kuponya, kisha safisha kwa pampu ya hewa. Usipulize kwa mdomo, mate yanakauka humo na hayo hayatoki kwa pampu.

Na kung'arisha ngozi si kusafisha picha. Kichujio cha urembo kwenye simu kizimwe kabla ya kupiga, kwa sababu kikishafuta vinyweleo na kubadili rangi ya uso, hakuna programu inayorudisha sura ya mtu. Mteja akidai, mwonyeshe zote mbili pamoja na umwache achague. Wengi hujitambua kwenye ile ya kwanza.

Pakiti ya mazoezi

Usimfundishe mtu kwa picha zake mwenyewe mwanzoni, anazipenda mno hawezi kutupa hata moja. Andaa picha 40: kumi zinazofanana za kundi moja, sita zilizotikisika, sita zilizochelewa saa moja, tano za chini ya bashi, nne zilizoungua (mbili JPEG, mbili RAW za tukio lilelile), tatu zilizoinama, tatu za WhatsApp zisizo na EXIF, tatu nzuri ambazo hazihitaji chochote. Hizo tatu za mwisho ndizo hufichua zaidi. Karibu kila mtu atazigusa.

Kutoa picha

Faili iliyorekebishwa haipo mpaka uitoe. Kwa kuchapa sentimita 10×15 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) unahitaji pikseli 1,181 kwa 1,772; kwa A4, 2,480 kwa 3,508. JPEG, ubora 90 hadi 95, rangi sRGB. Adobe RGB ukiipeleka kwenye mashine isiyoielewa, picha hutoka zimefifia na lawama zinamwendea mchapaji. Toa kwenye folda mpya ndani ya kazi ileile, kamwe usiandike juu ya picha asili.

Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4:3, karatasi ya 10×15 ni 3:2. Picha ya kulala itapoteza asilimia 11 hivi ya urefu wake wa juu kwenda chini, na kwenye picha ya familia hapo juu ndipo kilipo kitambaa cha kichwa cha bibi. Kata mwenyewe kwa 3:2 kabla ya kupeleka, usimwachie mashine. Halafu chapa tatu tu za kujaribu: yenye nyuso nyingi, yenye gauni jeupe, na ile ya chini ya bashi. Zitazame nje, kwenye kivuli, si chini ya taa ya duka. Zikiwa nyeusi, ongeza mwanga kwa 0.3 kwa picha zote, jaribu tena tatu zilezile, ndipo uagize 200.